Dawa Iliyolala Siku Kumi na Tisa

Risala ya Wakazi wa Kamwiringa, Mbeere Kusini, siku ya kuwashwa kwa tanuri la kuchomea dawa zilizopita muda, Jumanne tarehe 10 Juni 2025

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Daktari Gitobu, Mwenyekiti wa Bodi ya Bohari ya Dawa ya Nyanda za Chini. Maafisa mlioandamana naye. Wazee, kina mama, vijana wa malori na wa boda. Na nyinyi wagonjwa mlioacha foleni mkaja kusikiliza: hamjambo.

Sisi wakazi wa Kamwiringa, huku kati ya Gachoka na Kiritiri, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Umekula vumbi la kutosha kutufikia. Chai ipo, muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe upo, na mbuzi alichinjwa asubuhi. Tunayataja haya mapema ili usije ukafikiri, kwa yatakayofuata, kwamba hatukufurahi kukuona. Tumefurahi. Tumekasirika pia. Mwalimu Munyi, aliyetushikia kalamu, alitushauri tutangulize shukrani kurasa mbili nzima, ndipo hasira iingie polepole. Tulimwambia hasira hii imekaa foleni miaka mitatu, leo haingoji tena.

Umekuja kuwasha tanuri. Ni tanuri zuri la matofali ya kuchoma, lina bomba refu na kibao chenye jina lako. Lakini Mgeni rasmi, sisi hatukuomba tanuri. Tuliomba friji. Tuliandika barua tisa, nakala zote ziko kwenye faili la kamati ya kituo na zimepigwa mhuri wa kupokelewa. Leo tuna mahali pa maana pa kuchomea dawa, na bado hatuna mahali pa kuziweka.

TULIKOTOKA

Kituo hiki cha afya tulikijenga wenyewe. Kina mama walibeba maji kutoka mtoni, madereva walishusha mchanga bila kudai kitu, na mafundi walilala hapa hapa mpaka mabati yakapanda. Stoo ya dawa ni kile chumba cha mwisho upande wa machweo. Hakina dari. Saa nane mchana ukigusa ukuta wake kwa ndani, unauondoa mkono haraka. Friji ya gesi tuliyopewa ilikufa Novemba 2022, na fundi aliyeahidiwa kuja bado yuko njiani.

Mwaka huo huo ndio tulioletewa nesi Kinya. Ni mtu wa Meru, nyumbani kwao ni upande wa Nchiru, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka na mdomo usio na breki. Wiki ya kwanza aligombana na nusu ya kijiji. Alimfokea mtu aliyekuja na kidonda cha mwezi mzima, akamfokea na mkewe kwa kumwacha akae nacho. Tulisema huyu hatamaliza mwezi. Amemaliza miaka mitatu, na sasa sisi ndio tunaomlilia.

Tukuambie namna yake ya kazi. Tarehe ya dawa hupigwa mwisho mmoja tu wa karatasi ya vidonge. Mtu akipewa vidonge sita katika kumi, Kinya hukata kuanzia upande usio na tarehe, ili tarehe ibaki stoo mpaka kidonge cha mwisho. Kisha humwandikia mgonjwa tarehe hiyo kwa mkono juu ya bahasha. Hata foleni ikiwa imefika barabarani, ataiandika. Tulimwona anatuchelewesha bure. Naye alituambia maneno ambayo hatukuyaelewa siku hiyo: tarehe ni ahadi ya aliyetengeneza dawa, na aliahidi akidhani itawekwa mahali penye baridi, pakavu, pasipo jua. Ukiiweka kwenye joto, huyo mtu hakuahidi chochote.

TAREHE NZURI

Februari 2023, Ann Mukami alikuja kujifungua mtoto wake wa pili. Mtoto alitoka salama saa sita mchana. Mama akaanza kuvuja damu. Kinya alimdunga ile sindano ya kukaza kizazi, ambayo kila mkunga anaitegemea. Damu haikusimama. Akamdunga ya pili. Alikuwa akimkanda tumbo kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akishika kichupa kukisoma tena, maana alihisi amekosea dawa. Hakuwa amekosea. Tarehe ilikuwa na mwaka mzima mbele yake. Lakini ile ni dawa ya kuwekwa kwenye friji, na ilikuwa imekaa miezi mitatu chini ya mabati yale. Ilikuwa maji matupu. Mukami alifia njiani kwenda Embu, kabla hawajafika Gachoka.

Mgeni rasmi, tulidhani mtu angeulizwa. Mtu aliulizwa kweli. Afisa alikuja, akaomba kichupa, akaisoma tarehe, akaandika kwamba dawa iliyotumika ilikuwa ndani ya muda wake na hivyo hapakuwa na kosa lolote. Faili likafungwa. Mumewe Mukami alipewa nakala. Hakuna aliyeingia stoo. Wala hakuna aliyeuliza friji iko wapi. Tunalisema hili mbele yako kwa uchungu, kwa sababu mtoto wa Mukami yuko hapa mstari wa mbele amevaa sweta ya kijani, na tangu siku ile hajawahi kuombwa msamaha na ofisi yoyote.

Kinya alilia siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa wafinyanzi akaomba mitungi miwili mikubwa. Antony, dereva wa lori la mchanga, alimshushia mchanga safi wa mto kando ya stoo, chini ya kivuli cha ukuta. Kinya akaichimbia mitungi ndani ya mchanga huo, akaumwagilia maji asubuhi, mchana na jioni, na dawa zisizopenda joto akaziweka ndani ya makopo makavu yenye vifuniko, humo mitungini. Alitundika kipimajoto. Si friji, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema si friji, na barua ya nne mpaka ya tisa ni yeye aliyetuhimiza tuziandike. Lakini stoo ikichemka, mitungini mtu aliweza kutia mkono akahisi ubaridi. Kina mama waligawana zamu za kumwagilia. Hayo ndiyo mafanikio yetu, na hatuna mengine ya kukusomea.

PASAKA

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe.

Januari mwaka huu gari la Bohari lilituletea vichupa vitano vya dawa ya sumu ya nyoka, ile ya unga. Vilikuwa vimeandikwa 03/2025. Yaani vilikaa kwenu wee, mpaka vikabakiwa na miezi miwili na kitu, ndipo vikakumbuka Kamwiringa. Kinya alisita kutia sahihi. Dereva akamwambia, "Sista, ukikataa narudi nazo, na next time hamtaletewa kitu." Akatia sahihi. Kuanzia hapo, dawa ikiharibika ni mali yetu na aibu yetu, na vitabu vya Bohari vinabaki visafi. Rundo lile lililopangwa mbele ya tanuri, Mgeni rasmi, karibu lote lilitufikia hivyo hivyo.

Machi iliisha. Hakuna aliyeumwa na nyoka. Kinya aliandika barua akiomba vingine, na vile vitano akavifunga kwenye kopo peke yake, akaliandika kwa kalamu nyekundu ili visitolewe kwa bahati mbaya.

Jumamosi ya Pasaka, Aprili 19, saa nne asubuhi, Wawira mke wa Njagi alikuwa akipalilia kunde. Kifutu, yule nyoka mnene anayejilalia kwenye majani makavu, akamuuma juu ya kifundo cha mguu. Njagi alimleta kwa boda, mama yake Njagi, Cucu, yaani nyanya, Karwirwa, akifuata nyuma kwa boda nyingine. Walipofika mguu ulikuwa umevimba hadi karibu na goti na fizi zimeanza kutoka damu.

Kinya alipiga simu hospitali tatu. Hatutazitaja, si wao tuliokuja kuwasema leo. Ya kwanza haikuwa na dawa. Ya pili haikuwa na dawa. Ya tatu ilikuwa nayo, lakini aliyekuwa na ufunguo wa kabati alikuwa amekwenda kwao Pasaka na simu yake haishiki. Kinya alimpigia mkubwa wake mara sita bila kupokelewa. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu mwingine Embu na lingerudi jioni.

Basi alibaki amesimama mbele ya mtungi. Ametueleza mwenyewe jinsi alivyosimama. Alijua sheria neno kwa neno. Alijua kwamba akikunja mikono na Wawira akafa, hakuna atakayemlaumu, kwa kuwa dawa haikuwepo na faili litafungwa safi kama la Mukami. Na alijua kwamba akifungua lile kopo, kazi yake iko mikononi mwa mtu asiyemjua. Aliogopa, tena aliogopa sana, na hataki tumfanye shujaa kwenye karatasi.

Alilifungua. Kwanza aliwaita Njagi na mama yake.

"Sikizeni," akasema. "Hii dawa imepita deti na siku kumi na tisa. Sitawadanganya ati iko na nguvu yote. Inaweza kufanya, inaweza kukataa, hata inaweza kumletea shida ingine. Ingekuwa kuna nyingine singegusa hii. Lakini nyingine hakuna."

"Sista, sasa unaniuliza mimi nijue nini?" Njagi akasema. "Wewe ndio daktari."

Cucu Karwirwa akauliza, "Dawa amelala tu, ama ameoza?"

"Imelala, cucu."

"Mimi hukula muthokoi ya jana na juzi na niko hapa. Mpatie."

Kinya aliandika kwenye rejista kabla ya kushika sindano: jina la dawa, namba, tarehe, simu zote alizopiga na saa alizozipiga, na mwisho akaandika kwa wino mwekundu, "Nimetoa nikijua." Aliuyeyusha unga, akaupeleka dirishani, akautazama mpaka akaridhika kwamba ni mwangavu, hauna ukungu wala chembe. Sindano ya kuokoa mtu akipata mzio aliiweka tayari kando ya mkono wake. Kisha akafungua dripu, taratibu, akabaki pale pale akihesabu pumzi za mgonjwa.

Kufikia saa kumi uvimbe ulikuwa umesimama gotini. Damu ya fizi ilikauka. Gari liliporudi, Wawira alipelekwa Embu, akalazwa siku kumi na mbili, akarudi nyumbani na miguu yake miwili.

MASHTAKA

Mei 6 barua ya Bodi yako ilifika, na Kinya akasimamishwa kazi. Tumeisoma barua hiyo mpaka karatasi imelegea. Inamshtaki kwa makosa matatu.

La kwanza, kumpa mgonjwa dawa iliyopita muda na hivyo kuhatarisha maisha yake. Ushahidi ni rejista aliyoiandika mwenyewe kwa wino mwekundu. Angekuwa mwongo angekuwa kazini leo.

La tatu, tunaruka la pili kwa muda, ni kuhifadhi dawa za serikali ndani ya mitungi. Hapa tulicheka kicheko cha uchungu. Mabati yanayochemsha dawa hayajaandikiwa barua, ila mitungi imeandikiwa.

La pili ni kulala kazini.

Mgeni rasmi, Kinya? Huyu ambaye hatujawahi hata kumwona akikaa? Tulijiuliza wiki nzima neno hili lilitoka wapi, mpaka tulipomkumbuka Cucu Karwirwa. Alihojiwa na afisa wenu pale kwenye benchi. Tulikuwepo. Afisa aliuliza, "Mama, ulimwona nesi akimpa mgonjwa hiyo dawa?" Cucu akajibu, "Nilimwona. Alikuwa amelala kidogo, lakini aliamka, akafanya kazi mzuri." Afisa akaandika.

Alikuwa akiisema dawa! Huku kwetu chakula cha jana kimelala, chai ya asubuhi imelala, na dawa iliyopita deti imelala. Hatuna neno lingine. Na Cucu, kama wengi wetu, nyumbani anasema Kimbeere. Kiswahili alikiokota sokoni. Kwake kiti ni "yeye", mbuzi ni "yeye", na dawa ni "yeye". Sisi wote tuliokuwa kwenye benchi tulimwelewa, na hatukufikiria kwamba aliyeshika kalamu hakumwelewa. Hilo ni kosa letu na tunalikubali. Tulipaswa kusema pale pale. Tangu ajue, Cucu hali vizuri. Anasema ulimi wake ndio uliomfukuza mtu aliyemwokolea mkwe, na hakuna tunachomwambia kikamwingia.

Tusieleweke vibaya kuhusu tarehe pia. Baada ya Wawira kupona, mzee Nyamu alimletea Kinya chupa ya dawa ya kikohozi ya mwaka 2019 aliyokuwa ameichomeka juu ya dari, akasema kwa furaha, "Daktari, si hii pia imelala tu?" Kinya aliinyakua akaimwaga mbele yake. "Hii haijalala, mzee. Hii imeoza na itakuozesha na wewe." Akatukalisha wote akatueleza. Kuna vidonge vikavu ambavyo huenda vikabaki na nguvu baada ya tarehe, lakini hakuna anayeweza kuvitazama kwa macho akajua. Dawa za maji, za macho, za sukari, hizo hazichezewi hata siku moja. Na mtu wa kawaida asijaribu kabisa, arudishe dawa kituoni. Akasema alichofanya Pasaka si desturi, ni janga, na hataki kukifanya tena maishani. Huyo ndiye mnayemwita mzembe.

Tangu aondoke, kituo hufunguliwa siku mbili kwa wiki. Dawa ya nyoka haipo kabisa, nzima wala iliyolala. Mwezi uliopita Muriuki, mchoma makaa, aliumwa siku ya Jumatano, siku ya kufuli. Alifika Embu akiwa hai, akarudi na mguu mmoja.

MAOMBI

Alhamisi, yaani kesho kutwa, Mgeni rasmi, wewe ndiwe utakayekalia kiti cha mwenyekiti kusikiliza mashtaka ya Kinya. Tunajua si heshima kumsemesha mwamuzi kabla ya kesi, lakini hatukupewa nafasi nyingine, na barua yetu ya kuomba kuja kutoa ushahidi haikujibiwa. Tunaomba uisome rejista yote, pamoja na zile simu sita kwa mkubwa wake. Tunaomba Cucu Karwirwa aitwe, na mtu anayejua Kimbeere akae kando yake. Na tunaomba lile faili la Mukami liwekwe mezani kando ya hili la Wawira. Yasomeni pamoja. Mwanamke mmoja alipewa dawa yenye tarehe nzuri akafa, na ofisi ikasema hakuna kosa. Mwingine alipewa dawa iliyopita muda akapona, na ofisi hiyo hiyo inamfukuza nesi. Kama mnaona haki hapo, njoni mtufafanulie, sisi imetushinda.

Tunaomba friji. Hatutaongeza neno, yote yako kwenye barua tisa.

Kuhusu magari ya Bohari, hili si ombi, ni taarifa. Kuanzia leo kamati itakuwa ikisoma tarehe kabla ya sanduku kushuka. Dawa iliyobakiwa na miezi miwili itarudi na dereva wake, na ikiwa hatutaletewa kitu tena, tutakuja Bohari sote kuulizia.

Tena, katika rundo lile mliloandaa kuchoma kuna masanduku kumi na moja ya dawa ya malaria yaliyoandikwa 06/2025. Leo ni tarehe kumi. Mwezi haujaisha, na dawa hiyo ni halali mpaka siku yake ya mwisho. Kinya alitufundisha kusoma. Tumeyaondoa asubuhi, na wagonjwa wa leo watayatumia.

La mwisho ni dogo. Kabla ya kuwasha moto, tunaomba uingie stoo ile ya mwisho. Tumekuwekea kiti. Mlango utafungwa, kama unavyofungwa kwa dawa, na sisi tutakungoja hapa nje kwa muda ule ule tuliotumia kusoma risala hii. Sasa inakaribia saa nane. Ukitoka ukiwa bado unataka kuwasha tanuri, tutakupigia makofi.

Mungu aliyeyaona haya yote kabla yetu akufungue moyo, Mgeni rasmi, awalinde watoto wako dhidi ya kila siku ya kufuli, na akurudishe kwako ukiwa na afya njema.

Ni sisi,
Wakazi wa Kamwiringa, Mbeere Kusini

Risala hii imesomwa kwa niaba yao na Wawira wa Njagi, mkulima wa kunde, ambaye barua ya mashtaka, ukurasa wa pili, inamwita "mgonjwa aliyehatarishwa maisha". Ameisoma yote akiwa amesimama.